Viwanja Viwili vya Mji Mmoja

Uwanja wa ndege
Jumatatu asubuhi, 10 Februari

Mama Pacha mpenzi,

Nimekwama. Naanza na hilo ili usisome barua nzima roho ikiwa mkononi, ukitafuta kama niko hai. Niko hai, nimeshiba mkate wa kwenye ndege, na nimekwama.

Uwanja wa kwanza niliuvuka vizuri kwa maelekezo yako. Nilivua mkanda, nikavua viatu, nikasimama nimeshika suruali mbele ya mama za watu, nikavaa tena. Kuna treni humo humo ndani ya uwanja, haina dereva, nikaipanda hivyo hivyo. Nilipotea mahali pamoja tu, kwa sababu nilimfuata bibi mmoja mwenye sanduku jekundu aliyekuwa akitembea kwa uhakika mkubwa, kumbe anawahi chooni. Ndege ya pili niliipata, nikakaa dirishani natabasamu peke yangu: mchomelea mageti anabadilisha ndege Ulaya kama anabadilisha shati.

Balaa liko huku kwenye uwanja wa pili. Nilikwenda kwenye dawati la wanaounganisha safari, nikampa mama mmoja wa makamo tiketi uliyonikatia. Akatazama, akavua miwani, akaivaa tena. Akaniambia ndege yangu ya tatu, ile ya kunifikisha kwa Kitindamimba, haiondokei hapa. Inaondokea uwanja mwingine wa mji huu huu, upande wa pili wa mji, mwendo wa treni kama saa nzima. Nikamwambia basi anionyeshe hiyo treni. Akasema treni iko nje, na mtu hatoki nje bila viza ya nchi hii. Mimi viza niliyo nayo ni ya nchi anayokaa mdogo wangu tu. Kwa hiyo ndege iko kule, mimi niko hapa, na katikati kuna mji mzima ambao siruhusiwi kuukanyaga.

Mtaalamu ni wewe. Watu wanatoka mbali kuja kukatiwa tiketi na wewe, wanawapita makarani wenzako wote na kusubiri zamu yako. Hebu kaa kwenye hiyo kompyuta ya ofisini unitoe humu.

Unajua kinachotusubiri. Jumatano wanichukue vipimo vya mwisho, Ijumaa tuingie chumba cha upasuaji, yeye na mimi, nimpe figo moja. Daktari alisema wazi kwamba mshipa wa kumuunganishia ile mashine ya kusafisha damu umebaki mmoja, na huo ukiziba hakuna mwingine. Nikiikosa Ijumaa hii, nafasi wanapewa wengine na sisi tunarudi mwisho wa foleni. Kitindamimba hawezi kuisubiri hiyo foleni.

Laini yangu ya simu imekufa huku, na nikipiga kwa mtandao wa uwanja sauti inakatikakatika. Tuandikiane tu.

Mumeo,
Baba Pacha


Ofisini
Jumatatu mchana, 10 Februari

Baba Pacha,

Pole sana, mume wangu. Barua yako nimeisomea stoo ya karatasi, wenzangu wasinione uso.

Haya mambo hutokea. Kuna wakati kompyuta inaonyesha jina la mji tu, zile herufi za uwanja zinapita mtu hajaziona, hasa safari ikiwa ya mashirika mawili tofauti. Na yule binti wa kaunta huku nyumbani naye aliangalia mji, hakuangalia uwanja. Usimlaumu mtu.

Nimetafuta tangu nilipokusoma. Ndege zinazoondokea hapo ulipo zimejaa wiki nzima. Nimejaribu njia za mzunguko, kila moja inataka viza nyingine. Nionavyo mimi, kubali wakurudishe. Shirika lililokufikisha hapo ndilo lenye wajibu wa kukurudisha, huna utakachosumbuka nacho. Utalala kwako, tutapanga upya kwa utulivu, na Kitindamimba tutamweleza. Daktari naye ni binadamu, ataelewa.

Pacha hawajambo. Yule mkubwa amegoma kuoga mpaka baba arudi, na mdogo wake anamuunga mkono, kwa hiyo unaweza kufikiria chumba chao kinavyonukia. Kula vizuri, na usikae karibu na mlango wenye baridi.

Mkeo,
Mama Pacha


Uwanjani
Jumatatu jioni, 10 Februari

Mama Pacha,

Barua yako nimeirudia mara nyingi, maana humu hakuna maandishi mengine ninayoyaelewa.

Ngoja nikueleze jela yangu ilivyo. Ni safi kuliko nyumba yetu. Kuna maduka ya manukato na saa za mkononi, yanawaka taa kutwa nzima, na mimi nayapita huku na huku mpaka wauzaji wameanza kunitolea macho. Viti vyote vina mikono ya chuma katikati ili mtu asijilaze. Nimekagua viungo vyake. Ni kazi nzuri, aliyevichomelea hakuwa na haraka. Milango ya kutokea ni ya vioo, na ukiisogelea askari anainua kichwa. Nyuma ya vioo hivyo naona barabara, naona mabasi, nimemwona mwanamke akimvalisha mtoto kofia. Ni karibu kiasi kwamba ningepiga kelele angenisikia. Nimesimama pale nikamtazama mpaka akapanda basi lake.

Pasipoti yangu wameichukua. Wamenipa karatasi nitie sahihi kwamba nakubali kurudishwa kesho jua likizama. Nikawaambia namsubiri mke wangu, ndiye ajuaye mambo haya. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Lakini ushauri wako sijauelewa. Wewe ukiuziwa nyanya moja mbovu unarudi sokoni na kapu zima, mpaka wauza nyanya wakikuona wanajipanga. Leo unaniambia nirudi kirahisi hivi? Labda umechoka. Jaribu tena, tafadhali.

Kitindamimba nimemdanganya. Nimemwandikia kwamba ndege zimezuiliwa na ukungu. Nilihofu nikimwambia nimefungiwa humu presha itampanda. Na wewe usimwage mtama.

Naogopa, mke wangu. Kisu sikiogopi sana, kwenye kisu nitakuwa nimelala. Naogopa kufika nikakuta nimechelewa, nikakaa kwenye ukumbi wa hospitali na figo zangu mbili nikiwa sina wa kumpa.

Mumeo,
Baba Pacha


Hospitali
Jumanne asubuhi, 11 Februari

Wifi yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye mashine. Mkono wa kushoto umefungwa, natumia wa kulia peke yake, kwa hiyo makosa ya herufi unisamehe.

Kaka ameniandikia kwamba ukungu umezuia ndege. Wifi, muuguzi wangu alipita uwanja huo huo jana asubuhi akitoka likizo. Anasema jua lilikuwa linawaka na ndege zilikuwa zinapishana. Niligeuka upande wa dirisha nikajifanya nimelala.

Nimeelewa kwamba kaka ameogopa. Simlaumu hata chembe. Huyu ni mtu aliyezimia siku pacha walipochanjwa, mkaacha watoto mkaanza kumpepea yeye. Tangu nizaliwe hajawahi kuniambia hapana, na nadhani hata sasa neno lenyewe limemshinda, ndiyo maana amejificha uwanjani na ukungu wake. Naomba umwambie wewe, maana wewe anakusikiliza. Mwambie nimemwachia. Arudi nyumbani, na asije akageuza uso akiniona kwenye picha. Madaktari nimewaomba waishikilie nafasi mpaka kesho, lakini ni kwa ajili ya utaratibu tu. Sijengi matumaini.

Nilikuja kwenu mdogo, wifi. Ulinishonea sare ya shule kwa mkono cherehani ilipokufa, na ukanidanganya kwamba za mkono ndizo zinazovaliwa na watoto wa mawaziri. Kwa hiyo kama kuna mtu ninayeweza kumwambia bila haya kwamba naogopa kufa, ni wewe. Naogopa. Ila sitaki kumvuta mtu kwa kamba shingoni ili mimi nipone.

Umtulize kaka. Usimgombeze.

Wako,
Kitindamimba


Uwanjani
Jumanne asubuhi, 11 Februari

Mama Pacha,

Yule mama wa miwani amerudi zamu. Nimemuuliza kama ni kweli ndege za hapa zimejaa wiki nzima. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nikaona kwa macho yangu. Kila siku alasiri kuna ndege inayotoka hapa hapa kwenda kwa Kitindamimba. Ya leo ina viti vitupu safu kwa safu.

Nikarudi kukaa nikawaza. Nikamkumbuka yule mwalimu mstaafu. Siku ile ulirudi nyumbani umekasirika mpaka ukaingia na viatu kitandani. Ulisema karani wa ofisi nyingine alimkatia tiketi ya kutua uwanja mmoja na kuondokea mwingine, mzee wa watu akazuiliwa, akarudishwa, na mwanawe akazikwa hayupo. Ulisema karani wa namna hiyo hafai hata kuuza tiketi za mpira. Ukaniambia kwamba tangu siku hiyo, safari yoyote ikija mezani kwako unatazama herufi za uwanja kabla hata ya jina la msafiri.

Sasa nieleze ilikuwaje ukaona za watu wote usione za mumeo.

Nimekasirika. Tumeishi miaka yote hii, tumegombana kwa sababu ya pasi, ya ndugu, ya pacha, lakini hasira ya namna hii sijawahi kuwa nayo juu yako, na sijui niiweke wapi humu ndani, maana hakuna hata ukuta wa kupiga ngumi usiokuwa wa kioo. Mimi nimewachomelea watu mageti maisha yangu yote, na kila nikimaliza naacha ufunguo kwa wenye nyumba. Wewe umenifungia, halafu unanitumia pole.

Kama nimekosea, sema nimekosea, nitakuomba radhi kwa magoti nikifika. Jua likizama wananipandisha ndege ya kurudi. Karatasi yao sijatia sahihi, lakini wamesema nitaondoka hata bila sahihi.

Baba Pacha


Ofisini
Jumanne mchana, 11 Februari

Baba Pacha,

Hujakosea.

Kwanza soma hili ulitende kabla ya mengine. Nimekukatia kiti kwenye ndege ya leo alasiri, hiyo inayoondokea hapo ulipo. Nenda kwa huyo mama wa miwani, mtajie jina lako, tiketi ataiona. Mwambie akuombee pasipoti kwa wale askari. Usivuke mlango wowote wa kutokea nje hata ukiitwa kwa upole. Utafika kwa Kitindamimba leo hii, na vipimo vya kesho vipo pale pale. Nimeshazungumza na daktari wake. Nenda sasa, halafu ukishakaa kwenye geti uendelee kusoma.

Ile tiketi niliikata nikijua. Herufi niliziona, nikazitazama, nikabonyeza.

Siku ulipoiahidi figo yako nilikuwa chumbani napiga pasi sare za pacha. Sebule ilikuwa imejaa kaka zako na shangazi yako, simu mmeiweka sauti ya juu, mdogo wako analia upande wa pili. Nikakusikia unasema, "Atachukua ya kwangu." Watu wakapiga makofi. Shangazi akanifuata chumbani, akanikumbatia, akasema nimeolewa na mwanamume kweli kweli. Nikatazama chini nikakuta nimeunguza kola. Hakuna aliyeniuliza kitu, na wa kwanza kutoniuliza ulikuwa wewe. Usiku ulilala fofofo. Mimi nilikuwa nakuhesabia pumzi.

Tangu hapo kila ninayekutana naye ananipongeza. Ningesema hapana, ningekuwa mke aliyemuua wifi yake. Nikisema ndiyo, najibu swali ambalo halikuulizwa. Nilikosa pa kupenyea, nikatumia kazi ninayoijua. Nilidhani watakurudisha siku ile ile, lawama itabebwa na kompyuta, na wewe utarudi mzima kama ulivyotoka. Kitindamimba nilijizuia kumfikiria. Ningemfikiria nisingeweza.

Leo ameniandikia. Ukungu wako ameushtukia, anadhani umeogopa, na anakuachia. Ananiomba nisikugombeze. Nilimaliza kusoma, nikafungua kompyuta nikakukatia hiki kiti.

Nimemjibu kwamba hukuogopa, kwamba tiketi niliikata vibaya mimi. Kwamba niliikata makusudi, hilo nimeshindwa kumwandikia. Uongo naujutia. Woga wangu siujutii, na sitaki kukudanganya mara ya pili kwa kusema naujutia.

Mama Pacha


Hospitali
Alhamisi asubuhi, 13 Februari

Mama Pacha,

Nimefika, na vipimo vimekwisha. Kitindamimba amekonda kiasi kwamba nilimpita kitandani nikamsalimu mgonjwa wa jirani. Akacheka mpaka akakohoa. Kuhusu tiketi amecheka pia. Anasema wifi naye anazeeka sasa, viwanja vinampiga chenga, na kwamba atakutania kwa hilo mpaka mwisho wa dunia. Nilicheka naye, nikageuka kumnyooshea shuka.

Barua yako nimeisoma kwenye geti, kwenye ndege, na hapa. Kwanza niliisoma nikitafuta mahali pa kukujibu kwa ukali. Nilipofika kwenye ile kola iliyoungua nikaacha kutafuta. Kweli sikukuuliza. Haikunijia hata akilini kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Niliona mwili ni wangu, mdogo ni wangu, basi.

Jana walinitenga na yeye. Ndio utaratibu wao: mtoaji anawekwa chumba peke yake na daktari ambaye hamtibu mgonjwa, mlango unafungwa, anaulizwa maswali. Nilijibu yote vizuri. Akaja akauliza, "Nyumbani mmekubaliana?" Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikajikuta nasema, "Sikumuuliza mke wangu."

Akaweka kalamu chini. Akasema bado muda upo wa kumuuliza. Akasema nikijitoa, hata kama ni nikiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, wao watamwambia mgonjwa kwamba mwili wangu haufai kutoa, basi, na kitu kingine hakitasemwa. Hawatauliza sababu. Wanafanya hivyo kwa kila mtoaji, ili asilazimike mtu. Kitindamimba hatajua milele kama ni mimi au ni wewe.

Sasa nakuuliza, mke wangu, kwa kuchelewa na kwa aibu. Nimpe? Ukisema hapana nitarudi nyumbani, na sitalitaja jambo hili mbele yako wala mbele ya ndugu. Naapa. Jibu lako nitalisubiri mpaka kesho watakapokuja kunichukua.

Mumeo,
Baba Pacha


Nyumbani
Alhamisi jioni, 13 Februari

Baba Pacha,

Barua yako niliipata asubuhi. Nakujibu sasa kwa sababu kutwa nzima nimekuwa na neno moja mdomoni, na lilikuwa hapana.

Siku zote hizi nilikuwa najiambia kwamba ungeniuliza tu, ningesema ndiyo bila shida. Nilikuwa najisifu. Umeniuliza, na kilichonijia kwanza ni hapana, tena kwa furaha, moyo ukaruka. Nikaenda nalo kazini. Nikawakatia watu tiketi nalo, nikapika nalo, nikawaogesha pacha nalo, maana mgomo nimeuvunja kwa nguvu. Hakuna ambaye angejua ni mimi. Huyo daktari wenu amenifungulia mlango mpana kuliko ule niliojitengenezea mimi, na wa kwake ni halali.

Lakini kila nilipokaa niandike, nilimwona Kitindamimba akiambiwa kwamba mwili wako haufai. Namjua. Angewashukuru madaktari. Angekuambia usijali. Halafu angechukua simu kwa mkono ule mmoja na kuniandikia mimi, kunipa pole kwa safari ya bure. Barua hiyo nisingeweza kuipokea. Nimejaribu kujiona naipokea, jikoni, ofisini, kitandani, na kila mahali nimeshindwa.

Mpe.

Sijaacha kuogopa, na hasira bado ninayo. Ulitakiwa kuja chumbani siku ile, kabla ya makofi, ukafunga mlango ukaniuliza. Ukirudi tutagombana juu ya hilo, na mimi utanigombeza juu ya tiketi, na sitaki hata ugomvi mmoja upunguzwe kwa sababu una mshono. Kitindamimba nitamwambia ukweli mwenyewe atakapokuwa na nguvu za kunikasirikia.

Pacha wanajua unalala hospitali kumsaidia shangazi yao. Mkubwa ameuliza unamsaidia kubeba nini.

Kesho siendi kazini. Nitakaa na simu mapajani. Ukizinduka, niandikie wewe mwenyewe, hata neno moja, hata likiwa na makosa. Barua ikija kutoka kwa mtu mwingine sitaifungua.

Mkeo,
Mama Pacha